Dakika Thelathini za Mwisho za Mhadhara wa Umma

Wanaotaka vyuo vikuu viache kuandaa mihadhara ya bure kwa wananchi wana hoja zenye uzito, na wengi wao wameiandaa wenyewe kwa miaka. Taa na viyoyozi huwaka jioni nzima, walinzi na mafundi mitambo hulipwa saa za ziada, na mhadhiri hutumia siku kadhaa kuandaa kazi ambayo, wakati wa kupandishwa cheo, haihesabiwi kama makala ya jarida. Kisha wanaofika ni walewale: wastaafu waliosoma, wanafunzi walioagizwa na walimu wao, wenzake wa idarani. Fundi na muuza duka wa jirani hawaonekani. Ndiyo maana wanauliza: kwa nini tusirekodi na kuweka kwenye intaneti, wakatazama maelfu?

Kwamba majirani hawaji, mara nyingi ni kweli. Ninachokataa ni maelezo yanayofuata, eti hawana hamu na elimu. Anzia getini. Mlinzi wa zamu ya jioni hajaambiwa kuna mhadhara. Amezoea kudai kitambulisho cha chuo, na mgeni akikosa huulizwa anakwenda kwa nani. Hana jina la kutaja, anageuza. Tangazo lenyewe lilibandikwa ndani ya uzio, na kichwa chake kimenakiliwa neno kwa neno kutoka makala ya kitaaluma. Saa iliyopangwa ni tisa alasiri, siku ya kazi.

Saa na lugha huamua nani ataingia kuliko bei ya tiketi. Collège de France ya Paris, iliyoanzishwa mwaka 1530, hufundisha bure mtu yeyote, bila kujiandikisha na bila kutoa shahada. Katika miaka ya 1970 mihadhara ya mwanafalsafa Michel Foucault pale ilifurika hadi wengine wakawa wanasikiliza kwa vipaza sauti katika ukumbi wa pili. Januari 1976 aliwaeleza wasikilizaji kwamba ameuhamisha mhadhara kutoka saa kumi na mbili kasorobo jioni hadi saa tatu na nusu asubuhi, akitaraji wapungue, kwa kuwa umati ule ulimnyima nafasi ya kuzungumza nao. Aliijua saa kama mtu anavyojua bomba la maji: hapa unafungua, hapa unafunga. London nako, Gresham College ilipoanza mwaka 1597, mhadhara ulitolewa kwa Kilatini asubuhi na kwa Kiingereza mchana, ili asiyesoma Kilatini naye apate.

Tuje kwenye video, hoja yao kubwa. Video huubeba mhadhara vizuri kabisa, na kila mhadhara urekodiwe. Kisichobebeka ni kile kinachotokea msikilizaji anapokuwa ameelewa vibaya.

Chukua mhadhara kuhusu mafuriko. Mtaalamu wa maji anaonyesha ramani, na juu yake eneo la "mafuriko ya miaka mia". Kwa wenzake maana yake ni kiwango cha maji ambacho kila mwaka kina uwezekano wa asilimia 1 kufikiwa au kupitwa. Kwa aliyejenga bondeni, maneno hayo yanasema kwamba maji yakishakuja leo, hayarudi hadi wajukuu wazeeke. Akitazama video ataizima na kulala salama. Ukumbini atanyoosha mkono: "Sisi yalitukuta mwaka juzi. Ina maana tumebakiwa na miaka 98?"

Swali hilo moja lina thamani kuliko slaidi zote zilizotangulia. Linamlazimu mtaalamu aseme kwamba mto hauhesabu miaka: mwaka huu uwezekano ni asilimia 1, mwakani ni asilimia 1 tena. Asilimia 1 inasikika ndogo, basi aikokotoe mbele yao. Uwezekano wa kupona mwaka mmoja ni 0.99. Zidisha 0.99 mara 30, kwa miaka 30 ya kuishi pale, upate takriban 0.74. Kinachobaki ni asilimia 26. Familia inayokaa bondeni miaka 30 ina uwezekano wa zaidi ya robo kukumbwa walau mara moja. Ukumbi mzima umesikia, na wengi walikuwa na kosa lilelile wasilolijua. Mtaalamu naye amejua kwamba maandishi ya ramani yake yanasomeka kinyume. Na pengine muulizaji ataongeza kwamba maji hayakutoka mtoni, yalirudi nyuma kutoka kwenye kalvati, njia ya maji chini ya barabara, lililoziba, jambo ambalo ramani haikulionyesha.

Basi tuone kikao cha dakika 90 hugawanywaje. Kimechelewa kuanza dakika 10, zimebaki 80. Salamu za viongozi na utambulisho wa mhadhiri, dakika 15. Mhadhiri aliyepewa dakika 45 anatumia 55, kwa sababu amekuja na slaidi za mkutano wa watafiti wenzake. Zimebaki 10. Swali na jibu lake huchukua dakika tatu hadi nne, hivyo ni maswali matatu. La kwanza analichukua profesa mwenzake, na analigeuza mhadhara mdogo. Jamii nzima imeachiwa maswali mawili, kisha ripoti inaandika kwamba wananchi hawakushiriki.

Punguza. Salamu zitolewe na mtu mmoja, dakika 3. Mhadhara uwe dakika 40. Kwa mwendo wa maneno 110 kwa dakika hayo ni maneno 4,400, mengi ya kutosha, na istilahi mpya zisizidi tatu. Grafu ikionyeshwa, mhadhiri aseme kwanza mhimili wa chini unapima nini na wa wima unapima nini, ndipo aeleze mstari. Hata kikao kikichelewa zile dakika 10, zinabaki 37, yaani maswali tisa.

Tisa hayo pia yanahitaji kulindwa. Kabla ya swali la kwanza, watu wapewe dakika mbili wazungumze na jirani wa kiti. Anayeogopa hugundua kwamba jirani naye hakuelewa, na hapo mkono unapanda. Vikaratasi na penseli viwe vimewekwa vitini tangu mwanzo, mwenyekiti asome kimoja kwa kila swali la mdomo. Kipaza sauti kibaki mkononi mwa msaidizi, asimkabidhi muulizaji, maana kikishakabidhiwa hakirudi. Na swali la kwanza litoke kwa asiye wa chuo, kwa kuwa wanaofuata huiga urefu na lugha ya aliyefungua.

Kwa wapinzani nakubali mambo mawili bila kusita. Ipo mihadhara inayoandaliwa kwa ajili ya picha tu, isiyo na nafasi hata ya swali moja, na hiyo ikifutwa hakuna mwananchi atakayepungukiwa. Na mzigo wa maandalizi huangukia wahadhiri vijana, ambao ndio wanaohitaji zaidi muda wa kuandika. Mhadhara wa umma uingizwe kwenye saa zao za kufundisha, la sivyo malalamiko yao ni ya haki.

Gharama ya ukumbi nayo ina dawa. Chumba cha maktaba ya mtaa chenye viti 60 kilichojaa kinafaa kuliko ukumbi wa viti 400 ulio mtupu nusu, na huko hakuna geti. Panapobidi kubaki chuoni, orodha ya mihadhara ya mwezi, yenye tarehe, saa na jina la ukumbi, ifike kwanza kwa walinzi wa zamu zote, kabla haijabandikwa mahali pengine popote.