Mtoto wa jicho: safari ya Hindi inanunua nini hasa?

Takriban kila ukoo Unguja na Pemba una hadithi mbili. Ya kwanza ni ya mjomba mwenye mtoto wa jicho, yaani lenzi ya jicho iliyoingia ukungu, aliyekwenda Hindi kutiwa lenzi ya bandia akarudi anasoma msahafu bila miwani. Ya pili ni ya bibi aliyefanyiwa hapa hapa, akaambiwa operesheni imefaulu, na mpaka leo anamwita mjukuu amtie uzi kwenye sindano. Mzee mwengine akianza kupapasa ukuta usiku, watu hukaa kikao, hadithi mbili zikawekwa mizanini, na uamuzi ukapita kabla hata hajaonana na daktari: achangiwe, aende Chennai.

Hadithi zote mbili ni za kweli, na inawezekana kabisa operesheni zote mbili zilifaulu sawasawa. Lenzi ya kawaida ya bandia huona umbali mmoja tu. Ikipimwa kwa mbali, bibi atamtambua mtu toka kituo cha daladala, lakini sindano na msahafu vitataka miwani ya kusomea. Ikipimwa kwa karibu, atasoma bila miwani na ataivaa akitoka njiani. Zipo pia lenzi za umbali zaidi ya mmoja. Bei yake ni kubwa na baadhi ya watu nazo huona duara za mwanga kwenye taa za gari usiku. Kwa hiyo mjomba pengine hakupata mkono bora kuliko bibi. Aliulizwa anapenda kufanya nini kwa macho yake, na bibi hakuulizwa.

Ndiyo maana naona mjadala wetu umekaa upande. Tunabishana daktari wa wapi ana mkono mzuri, wakati kinachowatofautisha wagonjwa wetu hutokea kabla ya kisu na baada yake.

Tuanze na kabla. Ili ijulikane lenzi ya nguvu gani itiwe, hupimwa mpindo wa kioo cha mbele cha jicho na urefu wa jicho lenyewe toka mbele hadi nyuma. Jicho la mtu mzima lina milimita 23 au 24 hivi. Kosa la milimita 1 katika kuupima urefu huo humuachia mgonjwa namba ya miwani ya takriban 2.5 mpaka 3, hata kama mpasuaji hakutetereka. Na kwa wazee wetu, wanaofika mtoto wa jicho amekomaa na mboni imekuwa nyeupe, mashine ya mwanga haipenyi. Hutumika ultrasaundi inayogusishwa juu ya jicho. Hapo mpimaji akibonyeza kidogo tu, jicho linabonyea na urefu unaosomeka unakuwa si wake. Kazi hii hufanywa na mtu ambaye hakuna anayeuliza jina lake kwenye kikao cha ukoo.

Kuhusu kisu chenyewe, siri ya Hindi si kubwa kama tunavyoidhania. Lenzi ya kwanza ilitiwa London mwaka 1949 na Harold Ridley, katika hospitali ya St Thomas', baada ya kuona kwamba vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani wa vita havikukataliwa na jicho. Kabla ya hapo mtu aliondolewa lenzi yake akapewa miwani minene kama kitako cha chupa. Hindi ilijijengea jina baadaye, na haikulijenga kwa anasa. Daktari Govindappa Venkataswamy alianza hospitali ya macho ya Aravind, mjini Madurai, mwaka 1976 akiwa na vitanda 11. Mwaka 1992 kiwanda chao cha Aurolab kikaanza kutoa lenzi za bei ambayo maskini anaiweza. Njia iliyowafikia wengi huko ni ya mkono: tundu dogo, mtoto wa jicho anatolewa mzima, lenzi inaingia, mara nyingi bila nyuzi. Ni njia hiyo hiyo inayotumika sana Afrika. Mwaka 2007 ulitoka utafiti wa Nepal uliowalinganisha wagonjwa 108 wenye watoto wa jicho waliokomaa, baadhi wakafanyiwa kwa mkono na baadhi kwa fako, ile mashine inayosaga lenzi kwa mawimbi ya sauti. Baada ya miezi 6, asilimia 98 ya kila kundi, wakivaa miwani inayowafaa, waliona kiwango cha 6/18 au zaidi, yaani kukiona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 18. Waliopasua ni mabingwa, hilo lisemwe. Hata hivyo, aliyeambiwa kwamba bila mashine kubwa jicho lake limekwisha, hakuambiwa sawa.

Sasa wanaosafiri wana hoja, tena nzito, na wanaowapinga huwajibu vibaya. Ukimwambia mtu "mbona hata hapa inafanywa" hujamjibu. Yeye anachokifuata ni asubuhi moja ambayo mzee wake anapimwa presha ya macho, anaangaliwa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), anapimwa urefu wa jicho, anaambiwa bei, aina ya lenzi na siku ya operesheni, na akitoka anapewa karatasi yenye stika ya lenzi aliyotiwa. Amelinganisha na alichokutana nacho nyumbani: njoo Jumatatu, mashine haifanyi kazi, daktari amesafiri, lenzi ya namba yako bado haijaja. Mtu wa Micheweni, Pemba, akienda na kurudi mara kadhaa kwa jawabu za namna hiyo, Chennai inaanza kuonekana karibu. Wengine huenda Muscat kwa sababu nyepesi zaidi, kwamba kuna dada wa kumpikia uji. Hiyo nayo si sababu ya kuchekwa.

Hesabu inageuka tukifika baada ya operesheni. Kisu chenyewe huchukua chini ya nusu saa, lakini matone ya dawa yanaendelea kwa wiki kadhaa, mengi mwanzoni, yakipunguzwa kwa mpango. Kifuniko cha kulinda jicho kinavaliwa usiku. Halafu kuna suala ambalo wazee wetu huliuliza kabla ya yote: udhu na sujudi. Daktari wa mbali, kupitia mkalimani, husema usiiname wala usitie maji, basi. Mzee anarudi na chupa tatu za matone mfukoni hajui ataswali kwa kukaa mpaka lini. Muuguzi wa macho wa hapa petu analijua suala hilo kabla halijaulizwa: maji yasiingie jichoni siku za mwanzo, swala iwe kitini mpaka daktari aruhusu kuinama, na la udhu amuulize shekhe wake akiwa na maelezo hayo mkononi.

Kubwa kuliko yote ni uambukizi ndani ya jicho. Hutokea kwa wachache, mara nyingi ndani ya siku chache au wiki za mwanzo: maumivu, wekundu, kuona kunapungua badala ya kuongezeka. Tiba yake ni sindano ya dawa ndani ya jicho lenyewe, na kinachohesabiwa ni saa. Ndege yenyewe haina ubaya kwa aliyefanyiwa operesheni ya kawaida ya mtoto wa jicho (hatari iko kwa aliyetiwa gesi kwa ajili ya retina, kwani gesi hutanuka angani). Ubaya ni kuwa umeshashuka uwanja wa ndege wa Kisauni, Unguja, na aliyekufungua jicho yuko ng'ambo ya bahari, na daktari wa hapa anaanza kukusoma upya bila faili.

Lakini tusijidanganye kwamba dosari hii ni ya Hindi peke yake. Kambi za macho zinazokuja visiwani, ambazo zimewafumbua wengi na Mungu awalipe, nazo hupasua mamia kwa siku chache zikaondoka. Mgonjwa wa wiki ya tatu anayeona ukungu hana tofauti na aliyerudi kutoka Chennai: mpasuaji wake hayupo.

Kuna na ukungu mwengine, wa baadaye, wenye jambo lake. Miezi au miaka baada ya operesheni, utando uliobebeshwa lenzi unaweza kuingia ukungu, na mtu akasema mtoto wa jicho karudi. Hawezi kurudi, ameshatolewa. Utando hufunguliwa kwa leza, kazi ya dakika chache bila kulazwa. Nawajua waliochangiwa mara ya pili, viza mpya ya matibabu na msindikizaji, kwa ajili ya dakika hizo. Mashine ya leza ya aina hiyo inayofanya kazi kila siku Pemba, na fundi wake, ingenyamazisha nusu ya ubishi huu kuliko hotuba yoyote ya kuwataka watu wapende vya nyumbani.

Kisha kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti, nayo ni kungoja. Mchango hukusanywa kwa miezi, wakati mwengine unangoja msimu wa karafuu. Muda wote huo mtoto wa jicho anazidi kuwa mgumu, kutolewa kwake kunazidi kuwa kazi, akipitiliza anaweza kupandisha presha ya macho, na mzee anaanguka uani usiku akavunja nyonga. Aliyepimwa mapema na kufanyiwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au Dar es Salaam kwa lenzi ya kawaida ana nafasi nzuri kuliko aliyengojeshwa mwaka mzima kwa ajili ya mashine bora.

Nani basi asafiri? Kwa maoni yangu, mwenye kisukari kilichokwisha kuijeruhi retina, ambaye lenzi mpya peke yake haitampa macho. Mwenye presha ya macho inayohitaji operesheni mbili kwa pamoja. Aliyewahi kupasuliwa ikaharibika. Hata hao, Dar kwanza, Hindi baadaye. Mtoto mdogo mwenye ugonjwa huu ni dharura ya aina yake: akicheleweshwa ubongo hauzoei kuona na lenzi haitausaidia, kwa hiyo apelekwe haraka penye daktari wa macho wa watoto na dawa ya usingizi iliyo salama, na Tanzania Bara wapo. Mtu mzima mwenye mtoto wa jicho wa kawaida, mimi ningemuacha nyumbani, kwa sharti kwamba jamaa wakadai vipimo viwili vile vya mpindo na urefu wa jicho, waulize lenzi ya mbali au ya karibu, na waondoke na namba ya simu ya kupiga jicho likiuma usiku.

Jengine halizungumzwi vikaoni. Mchango wa safari humtosha mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ni babu. Bibi, ambaye naye haoni, huambiwa zamu yake inakuja. Nauli ya mgonjwa na msindikizaji, viza, malazi ya wiki mbili na bei ya hospitali, vyote vikiwekwa pamoja na kugawiwa kwa macho manne ya nyumba ile moja, hutoa hesabu ambayo katika vikao nilivyohudhuria sijawahi kuisikia ikisomwa.