AMUA kulia, AUMA kushoto

Kabati la gemu, lile la kuchezea umesimama, ambalo halijapambwa linafanana na jeneza lililosimamishwa wima. Hayo si maneno yangu. Ni ya jirani yangu hapa Chikongola, Mtwara, ambaye alichungulia uani, akavua kofia, akauliza maziko ni saa ngapi.

Lilikuwa limekula mbao mbili za MDF za milimita 18, na MDF moja nzima ina karibu kilo 40 kabla hujaigusa na msumeno. Kimo sentimita 170, ubavu sentimita 65. Ndani kuna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye RetroPie, programu ya kuchezea gemu za zamani, monita kuukuu ya inchi 19, fimbo mbili na vitufe ishirini. Useremala ulikwenda salama. Balaa lilianzia kwenye urembo, yaani rangi na stika za picha.

Adui wa kwanza Mtwara ni hewa yenyewe. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Uso wake mgumu, lakini ukingo uliokatwa unakunywa kama mchanga wa Msimbati. Ukiupaka rangi hivihivi unafura na kuota manyoya. Dawa ni gundi nyeupe ya mbao na maji, nusu kwa nusu. Paka kingo mara mbili, acha zikauke, piga msasa namba 180 kisha 220, ndipo praima, ndipo rangi. Mimi nilipaka rangi ya mafuta nyeusi, mikono miwili. Kopo limeandikwa saa 24, lakini kopo halijawahi kuishi Mtwara mwezi wa nne. Bonyeza ukucha mahali pasipoonekana. Alama ikibaki, subiri. Stika ikiwahi kuwekwa, mvuke wa tina unakosa pa kutokea na mapovu yanarudi kila ukiyatoboa. Nilisubiri siku kumi. Siku hizo zote kabati likakaa chumba cha wageni, maana ndicho chenye feni nzuri.

Picha niliyochagua ni lipiko. Kwa wageni wa kusini: ni kinyago cha Kimakonde kinachovaliwa kichwani kama kofia kubwa, mchezaji akiona njia kupitia mdomo wa kinyago. Mwanamke hatakiwi kujua nani yumo ndani, au walau hatakiwi kuonekana kwamba anajua. Jina la mashine nikaliita AMUA. Gemu zenyewe nyingi ni za kupigana, na mtaani kwetu ngumi ya pili haifiki kabla mama mmoja hajapiga kelele, "Jamani, amueni!"

Nikamtumia fundi wa mabango picha kwa WhatsApp. Akapiga simu.

"Njomba, hii unataka ya paspoti?"

Alikuwa na haki. WhatsApp iliikamua picha ikabaki na nukta 1600 kwa urefu. Zitandaze kwenye sentimita 170 na unabaki na nukta 24 tu kwa kila inchi, kinyago kinakuwa kama kimejengwa kwa matofali ya kuchoma. Kwa kazi ya ukubwa huu, nukta 100 kwa inchi ndiyo nafuu ya chini. Nikaituma upya kama dokumenti, ikafika nzima. Nikamwambia aongeze sentimita 3 kila upande nje ya kipimo, kwa sababu hakuna ubao unaokatwa sawa na ulivyochorwa, na maandishi ayaweke mbali na kingo, kwani raba ya mlango wa gari niliyonunua kwa kufunika kingo ingekula karibu sentimita nzima.

Kisha nikatamka neno lililoniponza: "Ubavu wa pili, geuza."

Nilitaka kinyago kigeuzwe, ili mapiko yote mawili yamtazame mchezaji. Yeye akageuza faili zima, na jina humo humo. Ningekuwa nimeliita kabati KOROSHO, kosa lingejitangaza lenyewe: K ingetazama nyuma, R ingetazama nyuma, hata mtoto wa chekechea angecheka. Lakini hebu andika AMUA kwa herufi kubwa, uishike mbele ya kioo. A ni ileile. M ni ileile. U ni ileile. Kinachobadilika ni mpangilio tu, na unasoma AUMA, herufi safi, kichwa juu, miguu chini. Mimi nilikagua. Fundi alikagua. Mke wangu alikagua, akasema imependeza.

Kubandika nilibandika vizuri, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Chupa ya kunyunyizia, lita moja ya maji, matone manne ya sabuni ya vyombo. Lowesha ubao uliokwisha kupakwa rangi. Usithubutu kwenye MDF tupu, utapika uji. Bandua karatasi ya nyuma sentimita 20 tu, kaa sawa na mstari wa penseli, kamua maji kutoka katikati kwenda nje kwa kadi ya benki iliyoviringishwa kitambaa, endelea kubandua. Povu linalokaidi, toboa kwa sindano. Kwenye kona nikapitisha draya ya saluni ya shemeji, moto mdogo, kidole kikifuata nyuma. Kwenye ubao wa vitufe usitoboe stika kwa keekee, itaivuta na kuisokota. Chana nyota kwa wembe katikati ya tundu, kunja ncha zake ndani, shingo ya kitufe itazifunika.

Nilipokwisha, mwanangu wa darasa la pili akasoma kwa sauti: "Auma. Baba, anamuuma nani?"

Kubandua kulimaanisha kuondoka na rangi ya siku kumi. Nikajipoza: ubavu wa kushoto utaegemezwa ukutani, nani atauona? Lakini chumba cha wageni soketi iko upande mmoja tu, kwa hiyo kwa muda ule AUMA ilikitazama kitanda.

Sasa kichwa cha kabati. Hapo nilitumia akriliki, plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ya milimita 3 na stika ya kupitisha mwanga. Stika ya kawaida ukiiwashia taa nyuma unapata giza lenye joto. Ukanda wa LED wa volti 12 nikaurudisha sentimita 10 nyuma ya akriliki na kupaka ndani rangi nyeupe, mwanga utawanyike, usionekane vidoti vidoti. Macho ya lipiko yakawa kwenye akriliki, mdomo nikauteremsha kwenye ubao wa spika na kutoboa matundu katikati ya meno. Na kwa kuwa RetroPie inakubali video fupi wakati wa kuwaka, nikaiwekea ngoma ya mapiko ya sekunde kumi. Sauti niliifungua mwisho ili ishindane na feni.

Siku hiyo saa mbili usiku, nikiwa katikati ya majaribio, umeme ukakatika. Kabati likazimika, nami nikalihesabu limezimwa. Saa tatu mama mkwe akaingia kutoka Newala, basi lilichelewa. Tukampokea kwa tochi, tukampa chumba cha wageni, akalala.

Raspberry Pi yangu haina swichi. Ikipata umeme inawaka, haiombi ruhusa. Saa nane na robo usiku umeme ukarudi. LED zikawaka papo hapo: macho mawili gizani. Halafu kimya cha kama nusu dakika, Pi ikijiandaa. Halafu ngoma, kutoka mdomoni.

Nilifika mlangoni kwa hatua tatu, nikagota. Chumba cha mama mkwe, mkwe haingii, hata nyumba ikiungua. Mke wangu akaingia, mimi nikabaki koridoni nikitoa maelekezo.

"Chomoa kwenye soketi!"

"Iko nyuma ya kabati!"

"Lisogezeni!"

"Halisogei!"

Kweli, kilo 70 bila magurudumu. Magurudumu niliyaona ni gharama.

"Punguzeni sauti basi!"

"Wapi?"

Kirungu cha sauti kilikuwa ndani, nyuma ya mlango wenye skrubu sita. Video ikaisha, gemu likaanza kuita wachezaji kwa mayowe. Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe, tulivu kabisa.

"Mwanangu, mimi mwanamke, aliyemo ndani sitakiwi kumjua. Lakini mwambieni nimechoka na safari. Na hapa ubavuni ameandikwa anauma."

Nikakimbilia swichi kuu, nikazima nyumba nzima. Feni nayo ikafa. Akalala na joto la Mtwara mpaka alfajiri.

Asubuhi nikaweka soketi yenye swichi na fyuzi ubavuni, mahali mkono unapofika, LED nikazipa swichi yake, kirungu cha sauti nikakileta mbele chini ya vitufe. Magurudumu manne yenye breki nikanunua kabla ya chai. Ngoma nikaifuta.

Mama mkwe hakuridhika. Alitoa kitenge kwenye mkoba wake, akalifunika kabati lote, akalifunga kwa nyuma kama mtoto mgongoni, akasema lipiko halikai wazi siku zisizo za ngoma. Kitenge kipo mpaka leo. Watoto wa mtaa wakija kucheza, husimama mbele yake kwanza na kupiga hodi.