Mama mkwe ana fezi

Mama mkwe wangu ni wa Uvira, kwenye joto la Ziwa Tanganyika. Mtu wa Uvira ukimwambia Bukavu kuna baridi anadhani unajisifu, mpaka siku aamke huku mwezi wa Juni, saa kumi na moja alfajiri, aweke kidole kwenye maji ya bomba. Hapo ndipo anauliza: "Na nyinyi mnaogaje?"

Jibu letu lilikuwa boila, mtungi wa umeme wa kupashia maji moto. Boila ya lita 50, tuliyoikuta bafuni katika nyumba tunayopanga Ibanda, hapa Bukavu, nyumba ya zamani ya kuta nene, waya zake zilifukiwa ukutani wazazi wangu hawajaoana. Haikuwahi kutusumbua. Kwa hiyo mwaka 2018, aliposema atapanda kwa ubatizo wa mtoto wetu wa pili, wasiwasi wangu haukuwa maji. Ulikuwa picha.

Mwaka uliotangulia alitupa picha yake kubwa ya studio: kitenge kipya, fremu ya alumini, hacheki. Picha hiyo ilikuwa chini ya kitanda. Sina la kujitetea. Alhamisi, siku mbili kabla hajafika, mke wangu akanikumbusha kwa ile sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele. Nikachukua nyundo na msumari wa zege, nikamtundika mama sebuleni kwenye ukuta unaopakana na bafu, katikati kabisa, mahali pa heshima. Umeme haukuwapo, tulikuwa siku ya pili ya delestaji, ule mgao wa umeme. Nakumbuka msumari uligoma kidogo, halafu ukaingia ghafla kama kisu kwenye parachichi. Nikajisifu.

Umeme ukarudi Ijumaa usiku. Jumamosi mama akafika, kichwa kikimzunguka kwa kona za barabara ya mlima wa Ngomo, na gunia la ndagala, dagaa wa kwao, na bidoni ya mawese, maana sambaza, dagaa zetu za Ziwa Kivu, yeye hazitambui. ("Hizo zilitoka kwetu," husema kila mara, na ubaya ni kwamba ni kweli: zililetwa huku kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.) Akaiona picha yake. Akanyamaza. Akavuta kiti, akakaa chini yake. Nikajua mtihani nimepita.

Kisha akaenda kuoga.

Sauti iliyotoka bafuni siwezi kuiandika. Mke wangu alikimbia na ndoo, mbabula, jiko letu la mkaa, ikawashwa, makala yakapepewa, na mimi nikabaki sebuleni nikiitazama picha, nayo ikinitazama.

"Papa Amani, tuite fundi."

"Fundi wa nini?"

Nieleze kidogo. Mimi nafundisha fizikia sekondari. Mtu anayeandika sheria ya Ohm ubaoni kila mwaka, aite fundi mbele ya mama mkwe? Nikasema mbele ya wote kwamba kosa ni la watu wa umeme: wameurudisha kwa nguvu, wameunguza rezistansi, ile inayochemsha maji ndani ya boila. Nikapanda kigoda bafuni na bisibisi ya testa, ile yenye kitaa kinachowaka ikigusa umeme, nikafungua kifuniko cha boila bila kuzima kitu. Mke wangu akasimama nyuma yangu na mwiko wa fufu. Alisema ni wa kunibandua nikinaswa. Nilitazama alivyoushika, sikuwa na uhakika.

Nikagusa waya wa kwanza, kitaa cha testa kikawaka. Sawa, fezi, waya unaoleta umeme. Nikagusa wa pili, ambao kwa haki ni nyutro, waya wa kuurudisha umeme, na haupaswi kuwasha chochote. Kikawaka.

Nikachukua kipimo nilichoazima shuleni, nikapima kati ya waya hizo mbili: sifuri. Basi, nikaona mwanga. Nikashuka, nikaenda sebuleni nikatangaza kwamba huko kwenye nguzo wamechanganya waya, wametuletea fezi mara mbili na nyutro hakuna. Nilieleza kama robo saa, na mikono ikisaidia, nimesimama chini ya taa inayowaka vizuri kabisa. Ikumbukeni hiyo taa, tutairudia.

"Kwa hiyo maji ya moto?" mama akauliza.

Jumapili nikaitoa rezistansi. Ilikuwa na ganda la chokaa kama sufuria ya bibi kizee, nikafurahi, nikajua mkosaji ni huyu. Nikaipima: omu 24. Sasa, boila imeandikwa wati 2000. Zidisha volti 220 kwa 220, gawanya kwa 2000, unapata 24 na kidogo. Hesabu hiyo nimeitoa kwenye mitihani sijui mara ngapi. Maana yake ilikuwa rezistansi nzima, haina hata homa. Na mimi, mwalimu, nikatazama ile 24 nikasema: kipimo hiki kibovu, ni cha shule.

Nikanunua nyingine dola 20. Muuzaji akaniambia rezistansi mpya na themostati ya zamani, ile inayokata umeme maji yakishapata moto, hazipatani, kama wake wenza. Nikaongeza dola 12. Jumatatu jioni nikafunga yote, nikajaza maji, tukangoja saa mbili. Mama akaweka kidole. Hakusema kitu. Alikwenda mwenyewe kupepea mbabula.

Katikati ya mambo hayo kulikuwa na habari ya Amani, miaka sita, ambaye kazi yake ilikuwa kufuta vumbi. Jumapili alikuja akaniambia, "Papa, koko anauma." Koko ni bibi yake.

"Anaumwa wapi?"

"Hapana, yule wa ukutani. Anauma."

Nikamwambia amheshimu koko wake. Jumatatu mke wangu naye akasema alipoinyoosha ile fremu ilimchoma vidoleni. Nikacheka kwa upole, nikamweleza habari ya umeme tuli, kiangazi, hewa kavu, kitambaa kikisuguliwa kwenye alumini. Somo zuri. Sijui nani mwingine aliwahi kulipata bure.

Jumanne nikiwa kazini, fundi akaitwa nyuma ya mgongo wangu. Niliporudi nilimkuta akishuka kwenye motari, kijana mkimya, begani kamkoba kamoja. Nikampa nadharia yangu ya fezi mbili, yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua macho darini.

"Mwalimu, kama waya zote mbili ni fezi, hii taa inawaka na nini?"

Mama mkwe alikohoa.

Akafungua kisanduku cha maungio kilicho juu kwenye pembe ya sebule, akapima: 220. Akaenda kwenye boila, akapima: sifuri. Akarudi katikati. "Basi nyutro imekatika kati ya hapa na pale. Fezi inaingia kwenye boila, inapita kwenye rezistansi, inatokea upande wa pili, inakosa njia ya kurudi nyumbani. Inabaki imesimama tu. Ndiyo maana testa inawaka pande zote. Ungechomoa waya wa fezi, ungeona ule mwingine unazimika." Halafu akaunyoosha mkono toka kisanduku hadi bafuni, mstari ulionyooka, na kidole chake kikapita, polepole, juu ya paji la uso wa mama mkwe.

"Huu msumari ni wa lini?"

Hakuna aliyejibu. Akatoa testa yake, akagusa kona ya fremu. Ikawaka.

"Huyu mama," akasema, "iko na fezi."

"Iko na nini?" mama akauliza kutoka kwenye kiti, chini ya picha.

Fundi alizima umeme kabla ya jambo lingine lolote. Aliuliza mtoto alisimama juu ya nini alipokuwa akifuta. Kiti, tukasema. Cha mbao? Cha mbao. Akanyamaza kidogo, na mimi nikanyamaza zaidi. Kisha akavuta msumari kwa koleo, ukatoka na uzi mwembamba wa shaba umening'inia kwenye ncha, kama mfupa wa ndagala kwenye jino.

Nilijitolea kuihamisha picha. Mama mkwe hakutaka. Nadhani, na hili sijamwambia mke wangu, habari ya kwamba picha yake ilikuwa inauma watu ilimpendeza. "Mniache hapahapa," akasema, na fundi akapitisha waya mpya juu ya ukuta, ndani ya mfereji mweupe wa plastiki unaokwenda moja kwa moja, ukimkaribia mama unapanda, unamzunguka, unashuka, unaendelea na safari. Mgeni yeyote anauliza. Fundi alichukua dola 10. Rezistansi ya zamani iko kwenye droo, bado ni omu 24.

Na Amani, akitumwa kufuta vumbi, huvaa kwanza kandambili.