Kifaduro: bakteria mzima au protini chache?

Mtoto wa Lamu akichomwa sindano ya chanjo ya wiki ya 6, usiku huo nyumba hailali. Paja limevimba, mwili una joto, kilio hakikatiki. Ndiyo maana wenye uwezo huulizia chanjo ya kliniki za kulipia Mombasa, "isiyo na homa". Ipo kweli, ingawa homa haikosekani kabisa. Swali ni kama inafaa kuchukua nafasi ya hii ya bure.

Pentavalenti, chanjo ya magonjwa matano kwa sindano moja, inayotolewa Kenya wiki ya 6, 10 na 14 ina bakteria mzima wa kifaduro, Bordetella pertussis, aliyeuawa. Ganda lake lote limo, pamoja na endotoksini, sumu iliyo sehemu ya ganda hilo, ambayo ni mchochezi mkubwa wa homa. Ile nyingine ina protini 2 hadi 5 tu zilizosafishwa: sumu ya kifaduro iliyolemazwa, na baadhi ya zile ambazo bakteria huzitumia kujishika kwenye njia ya hewa.

Mojawapo ya hizo ni pertaktini. Mnyororo wake umejizungusha mzunguko juu ya mzunguko, kama kamba ya jahazi iliyokunjwa sitahani, na ubavuni huchomoza vitanzi. Iko nje, wazi, na kingamwili zikiinasa, chembe nyeupe za damu hummeza bakteria kwa urahisi. Kwa mtengeneza chanjo, shabaha haiwi nzuri kuliko hiyo.

Tatizo ni kwamba bakteria anaweza kuishi bila hiyo protini. Kipande cha DNA kinachohamahama hujipachika katikati ya jeni yake, na pertaktini haitengenezwi tena. Kufikia 2012, sampuli nyingi za kifaduro zilizochunguzwa Marekani na Australia hazikuwa nayo. Tusitie chumvi: chanjo haikufa kwa hilo, maana protini nyingine zilibaki. Lakini ili kuikwepa chanjo ya bakteria mzima, angelazimika kujivua kila kilicho juu ya ganda lake, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni muda. Kinga ya protini hupungua upesi miaka michache baada ya dozi ya mwisho. California, ambako watoto huchanjwa kwa protini, mwaka 2010 iliandikisha wagonjwa zaidi ya 9,000, na watoto wachanga 10 walikufa. Utafiti wa nyani uliochapishwa 2014 ulionyesha kuwa waliochanjwa kwa protini hawakuugua, ila walibeba bakteria na kuwaambukiza wenzao. Katika nyumba za Mji wa Kale, ambako bibi, wajukuu na mtoto wa arubaini wamo chini ya dari moja, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, wanaoilalamikia homa wana hoja. Japani ilisimamisha chanjo ya bakteria mzima 1975 baada ya vifo viwili. Wazazi wakaogopa, na 1979 kifaduro kiliua watu 41. Chanjo imara ambayo mama anaikimbia haimkingi mtoto. Degedege la homa nalo hutokea: utafiti wa Marekani wa 1981 ulilipata mara moja katika dozi 1,750 hivi.

Mizani yangu inaelemea bakteria mzima kwa zile dozi tatu za mwanzo, na bei ya ile nyingine, ambayo ni ghali mara kadhaa, inaongeza uzito. Sharti moja: muuguzi amwambie mama mapema kwamba homa huanza saa chache baada ya sindano na kwa kawaida huisha ndani ya siku mbili, ikizidi hapo, arudi. Dawa ya maji ya parasetamoli ipimwe kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kilo. Mtoto wa kilo 4, kwa dawa yenye miligramu 120 katika mililita 5, ni mililita 2 tu. Kijiko kizima cha chai, mililita 5, ni mara mbili na nusu ya anachostahili.

Protini zinashinda mahali pengine: kwa wajawazito, kwa kuwa chanjo ya bakteria mzima haitolewi kwa watu wazima. Uingereza ilianza kuwachanja wajawazito 2012, na kingamwili za mama zikawakinga wachanga kwa takriban asilimia 90 katika wiki zile kabla ya dozi yao ya kwanza, ambazo ndizo kifaduro huua zaidi. Sindano ya pepopunda wanayopewa wajawazito kliniki zetu haina kifaduro ndani yake. Kama kuna fedha za kununua protini, zianzie hapo.