Mungu aliyekataa kuitwa Baali

Nikisikia mahubiri ya ibada ya sanamu naona tunakimbilia kwenye mti na jiwe, mtu kapiga magoti mbele ya kinyago, basi, alafu sisi ambao hatuna kinyago nyumbani tunasema amina tunaondoka. Hosea ukimsoma taratibu utaona kesi ni nzito kuliko hapo.

Huyu alitabiri Israeli ya kaskazini karne ya 8 kabla ya Kristo, enzi za Yeroboamu wa pili, na matajiri walikuwa wanakula maisha kweli kweli, Amosi anawataja wamelala kwenye vitanda vya pembe. Na ibada ilikuwepo! Sikukuu, mwandamo wa mwezi, sabato, vyote vipo. Shida ni kwamba shamba likijibu shukrani inaenda kwa Baali, mungu wa Wakanaani wa mvua na mazao, na Mungu anamsema Israeli kama mke wake, hakujua ya kuwa ni mimi niliyempa nafaka, na divai, na mafuta (2:8). Hiyo sentensi inaniuma sana yaani, ni mume anayelisha nyumba alafu mke anamsifia hawara.

Mwaka 1910 walichimbua vigae Samaria, mji mkuu wa Israeli hiyo ya kaskazini, vimeandikwa kwa wino, ni kama risiti za divai na mafuta za karne hiyo hiyo ya Hosea, na kwenye majina ya watu humo kuna yaliyobeba jina la Yahwe, Mungu wa Israeli, na mengine yamebeba Baali, yote yamechanganyika. Na inawezekana kabisa wapo waliosema Baali wakimaanisha Mungu wa Israeli mwenyewe, yaani walishafika mahali hawatofautishi.

Ndo maana mstari wa 16 naupenda, utaniita Ishi, wala hutaniita tena Baali. Ishi ni mume wangu, na baali kwa Kiebrania ni bwana, mwenye mali, ila pia ni mume, sawasawa na mwanamke wa kwetu anavyosema bwana wangu. Sisi wasemaji wa Kiswahili huu mstari tungepaswa kuushika haraka kuliko wengi. Mungu hataki jina ambalo mkewe kashazoea kumwitia mwanaume mwingine, hata kama jina lenyewe halina ubaya.

Kwa hiyo mtu akiniambia Mungu wa manabii ni hasira tu namwambia asome sura ya 3. Hosea anaambiwa ampende tena mwanamke mzinzi, mimi naamini ni Gomeri yule yule, mke aliyemuoa sura ya 1, na anaenda kumnunua kwa vipande 15 vya fedha na shayiri homeri moja na nusu (homeri ni kipimo cha nafaka). Kwenye kitabu cha Kutoka sura ya 21 fidia ya mtumwa aliyepigwa pembe na ng'ombe ni shekeli 30 za fedha. Mimi namuona mwanaume kakusanya hela ikafika nusu, akaenda stoo akajazia na shayiri. Nafaka jamani, kitu kile kile ambacho mke alidhani anapewa na wale wengine.