Leseni ya Windows Huenda Umeshailipia Tayari

Laptop ya mtumba inayouzwa laki nne au tano pale Mwanjelwa, Mbeya, mara nyingi ilikuwa mali ya ofisi fulani Ulaya kabla ya kuvuka bahari. Ni HP EliteBook, Lenovo ThinkPad au Dell Latitude, kifuniko kina alama ya stika iliyobanduliwa, na pengine kibodi ina herufi za Kijerumani. Muuzaji atakutajia RAM, atakutajia diski, atakuonyesha betri inavyokaa na chaji. Kuna kimoja hakitaji: ofisi ile ilipoinunua mashine ikiwa mpya, kwa kawaida ndani ya bei ilikuwemo leseni ya Windows, na leseni hiyo ilisafiri na mashine hadi Mbeya.

Tangu wakati wa Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wakubwa wa kompyuta wamekuwa wakiandika ufunguo wa leseni ndani ya chipu iliyoko kwenye ubao mkuu, ule ambao mafundi wanauita madabodi. Futa diski nzima, ufunguo upo. Toa diski uweke nyingine, upo vilevile. Na masharti ya Microsoft yenyewe yanasema leseni ya aina hii hufuata mashine, kwa hiyo anayenunua mashine kihalali anaipata na leseni yake.

Halafu laptop inafika kwa fundi, na fundi anaipiga Windows iliyochakachuliwa.

Hapo ndipo ninapoumia. Mwalimu wa Uyole au mama mwenye duka Kabwe ameshalipia kitu halali bila kuambiwa, kisha anatoa elfu kumi au kumi na tano nyingine ili juu yake iwekwe kitu cha wizi. Anaondoka akiamini kwamba Windows halali ni anasa ya mabenki na wizara, kumbe anayo mkononi, imelala chini ya ile ya bandia.

Simwoni fundi kama mtu mbaya. Faili la kusimika Windows 11 lina zaidi ya GB 5, na bando la kulipakua analilipia yeye mwenyewe. Akishapata flashi moja inayofanya kazi anaitumia kwa kila anayekuja, na mara nyingi flashi hiyo ina toleo la Pro, lile la kikazi, lililokwisha kuchezewa, Office ikiwa humohumo, maana mteja anataka kuondoka na kila kitu kabla gari la Tukuyu halijajaa. Tatizo ni kwamba mashine nyingi za nyumbani zilitoka kiwandani na leseni ya Home, toleo la nyumbani. Ukiiwekea Pro, ufunguo uliomo kwenye ubao haulingani na toleo hilo, Windows inadai ufunguo mwingine, na hapo fundi anatoa kile kiprogramu chake cha kuidanganya.

Flashi iliyotengenezwa kutoka tovuti ya Microsoft ingempunguzia kazi. Kupakua faili lenyewe ni bure, kinacholipiwa ni leseni. Flashi hiyo moja ina Home na Pro kwa pamoja, na inapoanza kusimika huchungulia chipu, husoma ufunguo uliomo, na mara nyingi hujichagulia toleo bila kukuuliza. Mashine ikishaunganishwa na intaneti, leseni hujithibitisha yenyewe. Hakuna cha kudanganya wala cha kuzima.

Neno hilo la kuzima nataka tukae nalo kidogo. Programu nyingi za kuchakachua Windows zinakutaka uzime kwanza kinga ya virusi, kisha uziruhusu kwa mamlaka ya juu kabisa ya kompyuta. Yaani unafungua mlango, unamwondoa mlinzi, na unamkabidhi funguo za vyumba vyote mtu usiyejua jina lake wala nchi yake. Inawezekana programu hiyo ikafanya lile ililoahidi na kuishia hapo. Inawezekana pia ikabaki ndani inanakili nywila zako. Wewe huwezi kujua, na fundi naye hajui, kwa sababu alipewa na fundi mwenzake.

Tazama vilivyomo kwenye kompyuta za nyumbani siku hizi. Mhazini wa kikoba ana faili la Excel lenye hisa na mikopo ya wanachama wote. Mwanafunzi wa chuo cha MUST ana maombi yake ya mkopo wa elimu ya juu, na picha ya kitambulisho cha NIDA iko kwenye faili la pembeni. Mwalimu ana mitihani ya muhula ambayo bado haijafanywa. Mtu akiniambia Microsoft ni tajiri na haitapungukiwa na chochote tukiiibia hapa Mbeya, simbishii juu ya utajiri wa Microsoft. Ninachomwonyesha ni lile faili la kikoba.

Ukitaka kujua kompyuta yako ikoje, huhitaji fundi. Fungua dirisha la amri, lile jeusi linaloitwa Command Prompt, andika slmgr /dli kisha bonyeza Enter. Kitatokea kisanduku chenye maelezo. Ukiona maneno OEM_DM, leseni yako ni ile ya kwenye ubao na uko salama. RETAIL kwa kawaida maana yake ni leseni ya dukani. Ukikuta VOLUME_KMSCLIENT kwenye kompyuta ya nyumbani, una kila sababu ya kuuliza. Hiyo ni leseni ya mashirika, inayotakiwa kuwasiliana na seva, yaani kompyuta kuu, ya shirika husika, na ikiikosa kwa siku 180 inakwisha nguvu. Nyumba ya Forest Mpya haina seva ya shirika. Kuna kitu humo ndani kinajifanya seva.

Na kama unataka kuona iwapo ubao una ufunguo wake, fungua PowerShell, dirisha jingine la amri, uandike (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey. Zikitokea herufi na tarakimu 25, huo ndio ufunguo wako. Usiupige picha ukautuma kwenye kundi la WhatsApp. Kisitokee kitu, basi ubao hauna ufunguo, na hilo lipo pia, hasa kwa mashine za kuungwaungwa na zile kuukuu zenye stika ya Windows 7 chini. Zamani ufunguo wa Windows 7 au 8 uliweza kuamilisha Windows 10 na hata 11, lakini Microsoft walitangaza kuifunga njia hiyo Septemba 2023.

Mwenye mashine ya namna hiyo ndiye anayeanza kutafuta leseni mtandaoni, na ndiye anayekutana na matangazo ya funguo za Windows kwa elfu ishirini au thelathini. Bei ya Microsoft yenyewe kwa Windows 11 Home ni dola 139 za Marekani, zaidi ya laki tatu kwa fedha yetu. Pro ni dola 199. Tofauti hiyo pekee inatosha kumshtua mnunuzi. Funguo za bei ya kutupa hutoka sehemu nyingi: nyingine ni za mashirika, zilizotolewa kwa idadi maalumu ya kompyuta, na mtu wa ndani anaziuza rejareja, nyingine zilitolewa kwa waandishi wa programu kwa ajili ya majaribio, nyingine zimenunuliwa kwa kadi za benki zilizoibwa. Ufunguo unaweza kukubali leo, ukafungiwa baada ya miezi, na muuzaji hapatikani tena. Wapo wauzaji wanaojitetea kwa hukumu ya Mahakama ya Ulaya ya mwaka 2012 katika kesi ya kampuni za UsedSoft na Oracle, iliyoruhusu leseni zilizotumika kuuzwa tena. Hukumu hiyo ni ya kweli, ila ilihusu sheria za Umoja wa Ulaya na ilikuja na masharti, likiwemo la muuzaji wa kwanza kuacha kabisa kuitumia nakala yake. Tangazo la elfu ishirini halikuonyeshi hata karatasi moja ya kuthibitisha hilo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba mtu wa kipato cha kawaida asinunue leseni peke yake. Anunue mashine yenye leseni. Ukiongeza elfu hamsini kwenye bei ya laptop ili upate yenye ufunguo kwenye ubao, umepata leseni kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani, na ni halali. Laki tatu ya leseni ya dukani ninaiona inafaa kwa mtu mmoja tu: mwenye kompyuta ya mezani nzuri ambayo ubao wake umeungua. Na huku kwetu zinaungua, umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo msimu wa mvua. Ubao ukifa, ufunguo wake unakufa nao. Leseni ya dukani unaweza kuihamishia kwenye mashine nyingine.

Jambo jingine la kuuliza dukani ni kizazi cha prosesa. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka, pamoja na mengine, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane, na laptop nyingi za bei nafuu sokoni ni za kizazi cha sita na cha saba. Hizo leseni zake ni halali kabisa lakini hazina pa kwenda. Kwa watumiaji wa nyumbani masasisho ya usalama yamesogezwa hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa anayehifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwenye akaunti ya Microsoft. Ikiwa una mashine ya hivyo, jiandikishe.

Mashine ya kizazi cha sita bado ina miaka ya kazi. Mimi ningeiwekea Linux, programu huria inayokaa mahali pa Windows, iwe Linux Mint au Ubuntu 24.04, ambayo inapewa masasisho hadi 2029, na leseni yake ni bure na halali kwa kila mtu, bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Kwa kuandika barua, kujaza fomu, kutazama video za masomo na kuweka hesabu za kikoba kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, mtumiaji hapungukiwi. Anayetegemea AutoCAD au Photoshop, huko kutamsumbua, abaki Windows. Nasikia watu wakisema Linux si ya Waswahili, nami nawakumbusha kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na hiyo ni kazi ya ulimwengu huohuo wa programu huria. Tulikuwemo mapema. Tumejisahau tu.

Kuna vijana Iyunga wanajifunza kuandika programu, na siku moja watataka kuziuza kwa maduka ya dawa na shule za hapahapa Nyanda za Juu Kusini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta, za Marekani na za Iyunga sawasawa. Mteja aliyezoea kwamba programu ni kitu cha flashi na elfu kumi atamlipaje kijana huyu?

Ombi langu kwa mafundi wa Mwanjelwa na Kabwe ni dogo. Kwenye risiti, andikeni toleo mlilosimika na leseni ilikotoka: ya mashine, ya dukani, Linux, au hakuna. Fundi akiniandikia hivyo, na slmgr ikakubaliana naye, niko tayari kumlipa mara mbili ya bei ya kawaida, na kila jirani mwenye kompyuta nitamwelekeza kwake.