Upatane kwanza, kisha urudi utoe sadaka

Ukitoka kanisani Jumapili, mtu aliyesali kwingine atakuuliza: "Ibada ilikuwaje huko kwenu?" Majibu yetu yanafanana. Leo kwaya imeimba hadi watu wakasimama. Mchungaji alikuwa na neno zito. Watu walilia, uwepo wa Mungu ulionekana. Au: leo palipoa, vyombo vilisumbua, mahubiri yakarefuka. Sijasikia mtu akilijibu swali hilo kwa kumwaza yule aliyeabudiwa, kama aliipokea ibada ile au aliikataa. Tunaipima kwa jinsi ilivyotugusa sisi.

Biblia ina kipimo chake, na ni kigumu. Ninaamini, na nimezidi kuamini kadiri ninavyowasoma manabii, kwamba Mungu akitaka kuijua ibada yangu huanza kwa kumtazama mtu aliye karibu nami: anayenidai, niliyemdhulumu, niliyeacha kusalimiana naye tangu ule msiba wa mwaka juzi. Huyo ndiye shahidi wa ibada yangu. Akiwa analia kwa sababu yangu, wimbo wangu haufiki.

Amosi alikuwa mfugaji wa Tekoa, kusini, karne ya nane kabla ya Kristo, akatumwa kuhubiri Betheli, kaskazini, penye patakatifu pa mfalme. Huko ibada haikupungukiwa na kitu. Sadaka za kuteketezwa zilikuwepo, zaka zilitolewa, wanyama walikuwa wamenona, vinanda vilipigwa. Ndipo likaja neno hili: "Mimi nazichukia sikukuu zenu, nazidharau, nami sitapendezwa na makutano yenu ya dini." Na mistari miwili mbele yake: "Niondoleeni kelele za nyimbo zenu." Ukitafuta sababu, hutaikuta katika mpangilio wa ibada. Utaikuta sokoni na mahakamani: maskini kutozwa ngano, haki kununuliwa kwa rushwa, wafanyabiashara waliokaa sabato nzima wakingoja iishe wakauze nafaka kwa kipimo kilichopunguzwa na mizani iliyochezewa.

Mkulima wa vitunguu au viazi hahitaji kufafanuliwa habari hiyo. Anaijua lumbesa: gunia lililoongezewa kilemba juu, likajazwa kupita kipimo, kisha yeye akalipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inaikataza, na bado ipo. Sasa mnunuzi wa lumbesa naye ni muumini. Jumapili yuko kanisani, na baada ya ibada, mnada wa sadaka unapoanza pale nje, yeye ndiye anayeuchangamsha.

Kwa asiyesali kwenye kanisa lenye mnada, mambo huwa hivi. Mzee wa kanisa ananyanyua jogoo aliyefungwa miguu, anataja bei, watu wanapandisha: elfu kumi, kumi na tano, ishirini. Aliyewashinda wenzake analipa, kisha anasema "namrudisha", na jogoo yuleyule anauzwa tena, mara ya pili, mara ya tatu. Mkungu wa ndizi, kisado cha maharage, mayai yaliyoletwa na bibi kwenye kibakuli, vyote vinapita njia hiyo. Naupenda mnada. Umejenga makanisa mengi vijijini, na umempa asiye na noti mfukoni kitu cha kuleta mbele za Mungu. Lakini makofi ya pale hayaulizi pesa imetoka wapi. Elfu hamsini iliyokamuliwa kwenye jasho la mwenye vitunguu inapigiwa vigelegele, na mwenye vitunguu mwenyewe huenda amesimama palepale, ameleta mayai mawili.

Yakobo anaandika kwamba ujira wa waliovuna, ukizuiwa kwa hila, "unapiga kelele", na kwamba vilio vyao "vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi". Ukiuweka mstari huu kando ya ule wa Amosi, unatisha. Mungu aliyezikataa nyimbo anausikia vizuri kabisa mshahara ambao haujalipwa. Ni nyumba ngapi za Kikristo mjini zina msichana wa kazi ambaye Jumapili alfajiri anapiga pasi sare ya kwaya ya mama, anawavisha watoto wa shule ya Jumapili, kisha yeye anabaki na jiko? Mshahara wake wa miezi miwili "upo tu, nitakupa". Mama yule anaimba sauti ya kwanza, na anaimba kwa machozi, na machozi yenyewe haigizi. Hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili zima: mtu anaweza kuguswa kwelikweli katika ibada ambayo Mungu haipokei.

Najua jibu linalotolewa haraka, kwamba Mungu huutazama moyo. Ni kweli, hayo aliambiwa Samweli siku alipokwenda nyumbani kwa Yese kumtia mafuta mfalme. Ila moyo huo ni mmoja. Unaoinua mikono Jumapili ndio ulioamua Ijumaa kwamba dada asubiri tena, na Mungu anautazama siku zote mbili.

Hata habari ya mjane na senti zake mbili tumeizoea nusunusu. Katika Marko 12, kabla tu ya mjane huyo kutokea, Yesu anawaonya watu juu ya waandishi "ambao hula nyumba za wajane, na kwa unafiki husali sala ndefu". Kisha anakaa kulielekea sanduku la hazina, na anayekuja ni mjane. Sura inayofuata anasema kuhusu hekalu lile kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe. Alimsifu yule mama, na alistahili sifa. Lakini sioni popote akiisifu hazina iliyopokea riziki yake yote bila mtu kuuliza jioni atakula nini. Kila msimu wa ujenzi tunahubiriwa senti mbili. Mstari wa 40 huwa unarukwa.

Magomvi yetu mengine kuhusu ibada ni madogo kuliko tunavyodhani. Kinanda au ngoma, kupiga makofi au kutulia, kitabu cha liturgia au maombi ya kupaza sauti. Mwanamke Msamaria alimletea Yesu swali la namna hiyohiyo kisimani, mlima huu au Yerusalemu, akajibiwa kwamba waabuduo halisi watamwabudu Baba katika roho na kweli. Na kabla ya kufika kwenye milima, Yesu alikuwa ameshagusa maisha yake ya nyumbani.

Mimi si Mkatoliki, lakini naona ndugu zetu wa Kongo walilitendea haki jambo hili. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha utaratibu wa misa kwa majimbo ya nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Wengi wanaujua kwa sababu ya ngoma na kucheza, na kwa sababu Papa Fransisko aliadhimisha misa kwa utaratibu huo Vatikani, Desemba 2019, na Kinshasa, uwanja wa ndege wa Ndolo, Februari 2023. Kinachonivutia mimi ni mpangilio wake. Katika misa ya kawaida ya Kirumi, toba iko mwanzoni na amani hutakiana karibu na komunyo. Wakongo wameiweka toba baada ya mahubiri na Nasadiki, na mara baada ya toba watu wanapeana amani, ndipo vipaji vinapelekwa altareni. Neno linasikiwa, linachoma, watu wanatubu, wanapatana, wanatoa. Ndivyo Yesu alivyopanga katika Mathayo 5: ukileta sadaka yako madhabahuni na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache pale, "upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako".

Tazama mwenye neno ni nani. Ni ndugu yako, juu yako. Kuwasamehe waliotukosea tunafundishwa sana, na ni vema. Yesu hapa anamtuma mkosaji amwendee aliyekosewa, na sadaka ingoje. Wakristo wa mwanzo walilichukua neno hilo kama lilivyo. Didake, mafundisho ya kanisa la kale kabisa, inaagiza kwamba aliye na ugomvi na mwenzake asijiunge na kusanyiko mpaka wapatane, sadaka isije ikanajisiwa.

Afrika Mashariki nayo iliwahi kulishika. Uamsho uliowaka miaka ya 1930 pale Gahini, Rwanda, na huko Uganda, ukasambaa Burundi, Kenya, Tanganyika na Kongo, ulikuwa na nyimbo zake, na Tukutendereza inaimbwa hadi leo. Ila majirani wasioamini hawakushangazwa na nyimbo. Walishangazwa na watu waliorudisha majembe waliyoiba, waliolipa madeni yaliyokwisha kusahauliwa, waliokwenda kwa mwajiri kukiri vitu walivyochukua, na waume walioomba msamaha kwa wake zao mbele ya watu. Wenyewe waliita kutembea nuruni.

Bibi yangu wa Kagera aliokoka katika uamsho huo. Akijua Jumapili kuna Chakula cha Bwana, Jumamosi jioni hujifunga kitenge chake kizuri akapita kwa majirani. Siku moja nilimsindikiza kwa mama mmoja waliyekuwa wamegombana juu ya mpaka wa kibanja. Walikaa uani. Bibi hakuanza na maombi, wala hakuanza na salamu ndefu kama kawaida yake. Alisema, "Mwenzangu, ule mgomba wa tatu kutoka njiani ni wako. Nimekula ndizi zake misimu miwili." Yule mama alinyamaza kwa muda, akiichora ardhi kwa kidole, kisha akamwita mtoto alete kahawa za kutafuna. Bibi alichukua, akatafuna, wakaanza kuzungumza habari za mbegu. Jumapili nikawaona wamepiga magoti pamoja mbele ya meza ya Bwana. Nimesali katika makanisa makubwa yenye vyombo vya thamani, na sijaona ibada iliyonishawishi kuliko ile.

Siwezi kuusifu uamsho huo nikanyamaza kuhusu mwaka 1994. Rwanda ilikuwa nchi yenye waliobatizwa wengi mno, na watu waliuawa ndani ya makanisa yenyewe, Nyamata, Ntarama, Nyarubuye, walikokimbilia wakiamini watanusurika. Wako waliouawa na watu waliosali nao. Walikuwepo pia waumini waliokufa kwa kuwaficha wenzao, na hao wasisahauliwe. Lakini naamini kuna mahali maungamo yalikomea. Yaligusa jembe la jirani, hayakukigusa kitambulisho chake kilichoandikwa kabila, ambacho wakoloni Wabelgiji walikianzisha miaka hiyohiyo ya 1930. Toba ikiishia kwenye dhambi za mtu mmoja mmoja, dhuluma dhidi ya kundi zima itakaa kanisani miaka sitini, inaimba na wengine, hakuna anayeitaja. Nasi tusijione mbali na hayo. Tunajua kwetu ni jina la ukoo gani likitajwa usharikani watu wanatazamana.

Kwa wenye mamlaka kanisa lina mfano wa zamani sana. Mwaka 390 wanajeshi wa Kaisari Theodosio waliua maelfu ya watu Tesalonike. Ambrosi, askofu wa Milano, alimwandikia kwamba hatathubutu kutoa sadaka akiwa yeye yupo, na Kaisari akatubu mbele ya kanisa. Kwetu, Septemba 2021, askofu mkuu wa Anglikana Kenya, Jackson Ole Sapit, aliwazuia wanasiasa kuhutubia kanisani. Novemba 2024 askofu mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza zirudishwe fedha alizotoa Rais William Ruto katika kanisa Katoliki la Soweto, zaidi ya shilingi milioni mbili. Niliposikia habari ile nilimshukuru Mungu. Wapo walionung'unika, wakiuliza nyumba ya padre itajengwa na nini. Ni swali la haki, na jibu lake linaweza kuwa kwamba itachelewa. Kanisa linalopokea kila mkono bila kuuliza limeshamwambia mwenye kudhulumu kwamba Mungu hana neno naye.

Lakini wengi wetu hatutapata nafasi ya kumrudishia rais pesa, kwa hiyo nataka kumalizia karibu zaidi. Makanisa mengi hutangaza Chakula cha Bwana wiki moja kabla. Wiki hiyo iwe na kazi. Wachungaji wasiseme "tujitakase" wakaishia hapo, wavitaje vitu kwa majina yake: mshahara wa dada wa kazi, lumbesa, kiwanja cha mjane wa kaka yako, mkopo wa kikundi ambao mdhamini ndiye anayeulipa. Mtu akiinuka katikati ya ibada akatoka kwenda kumtafuta aliyemkosea, wazee wampishe njia, na bahasha yake isiyorudi Jumapili hiyo isihesabiwe kuwa deni.

Na ofisi ya usharika ijikague yenyewe kwanza. Kuna makanisa yenye mfuko wa ujenzi mnono na mlinzi ambaye hajalipwa kwa miezi, anaambiwa avumilie kwa kuwa anamtumikia Mungu. Mlinzi huyo ana watoto, ana kodi ya chumba, ana deni la unga dukani. Jumapili ya mavuno ikifika, kabla mnada haujaanza, mweka hazina asimame asome orodha ya wote wanaolidai kanisa, jina na kiasi, na makusanyo ya siku hiyo yaanzie hapo.